Nimekuta wimbo kwenye memori kadi ya zamani, hauna jina, Shazam haiujui, YouTube haiujui. Wazee wa Kusini njooni

#1 Kangomba Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu salaam. Niko Mtwara mjini, Magomeni huku. Uzi mrefu kidogo mnivumilie, asiyependa kusoma apite tu hatudaiani.

Juzi nilikuwa nahamisha kabati nikakuta kisimu changu cha zamani cha vitufe, betri imevimba kama andazi lakini memori kadi nzima kabisa. Jibi 2. Nikachomeka kwenye kompyuta ya mwanangu, ndani kuna picha za msiba, picha mbili za foleni ya ghalani msimu wa korosho, na nyimbo 312. Aisee nilikaa pale toka baada ya isha mpaka saa saba usiku, mke wangu akaja kuchungulia akidhani nachati na mtu.

Sasa kuna moja imeandikwa AUD-20170812-WA0031. Ndo jina lake hilo. Linaanza gitaa peke yake, linaenda linaenda karibu dakika nzima mpaka unadhani hakuna mwimbaji, halafu jamaa anaingia na sauti kama ana mafua, anaimba Kiswahili na katikati anachomekea Kimakonde. Anamwimbia kaka yake aliyepanda basi la Dar na godoro amelifunga kamba, akaaga kwamba atarudi msimu wa korosho, misimu imepita na mama yao bado halali na komeo la mlango wa uani, anaegesha tu. Mwishoni kabisa jogoo anawika. Sio mbwembwe za studio, ni jogoo wa kweli, nadhani walishindwa kumtoa.

Nimeuwekea Shazam, ile programu ya kutambua nyimbo, mara nne, kimya. Nimeandika maneno yake YouTube nikaletewa mahubiri. Ile ya Google ya kuimba mdomo umefumba ikutafutie nayo nimeimba hivyo mpaka watoto wananicheka.

Ila kilichoniuma sio kukosa jina la msanii, kilichoniuma ni kwamba SIKUMBUKI NANI ALINIPA. Hilo kwangu ni jipya. Mimi nyimbo zangu zote za zamani najua zilikotoka. Kanda ya Msondo nilipewa na mjomba alipokuja likizo toka Dar, akaniambia usiirekodie juu nitakukata masikio. Nyimbo za Kireno za kutoka Msumbiji nilipewa na jamaa mmoja wa Kilambo aliyekuwa anavuka na nguo za mitumba. Kuna wimbo niliusikia redioni kwenye kipindi cha salamu, tulikuwa tunanunua kadi, unaandika majina ya watu kumi na ombi lako la wimbo, unatuma posta Dar, mwezi unapita ndo unasomwa, na siku unasomwa mtaa mzima unajua. Baadae ikaja Bluetooth, mnaziweka simu mbili ubavu kwa ubavu juu ya benchi, wimbo mmoja dakika nne tano, huwezi kuondoka, ukiondoka unakatika, kwahiyo mnaanza kupiga stori. Nimejua habari za familia za watu kibao kwa sababu ya kusubiri wimbo uingie.

Sasa hivi nafungua TikTok asubuhi mpaka jioni nimesikia vipande arobaini na sijui hata kimoja nimepewa na nani. Binti yangu anaimba kiitikio cha wimbo ambao hajui kama una beti ya pili, anaujua ule ulioharakishwa kasi, siku akasikia wenyewe kwenye redio akaniambia baba redio imeisha betri.

Kwahiyo nina mawili. Kwanza kuna anayeujua huu wimbo? Pili nyie wenzangu siku hizi wimbo mnaupataje, na mnajuaje kama ni mzuri au mmezoeshwa tu?

#2 binti_shangani

Shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu ila hapo kwenye TikTok nakukatalia.

Mimi nimezaliwa 2001. Mbaraka Mwinshehe amefariki 1979. Mwambie mjomba wako anieleze nani angenipa mimi Mbaraka kama sio TikTok? Baba yangu hasikilizi muziki, mama anasikiliza kaswida. Nilikuwa napitisha tu video usiku, kuna dada anapika wali na nyuma kuna gitaa, nikasimama. Nikaingia kwenye maoni, mtu kauliza wimbo gani, mtu kajibu, nikaenda YouTube nikasikiliza Moro Jazz mpaka bando likaisha. Hakuna mtu aliyenipa, ni kweli, ila nimepata.

Halafu msituchoreshe kama zamani kulikuwa haki. Zamani mlikuwa mnasikia alichoamua mtangazaji, asipompenda msanii ndo basi, mkoa mzima haumjui. Sasa hivi mtu yuko Kitaya huko anarekodi na simu yake anaweka na mimi namuona. Ni kweli takataka nyingi, lakini hata kwenye kanda zenu zilikuwepo, mmezisahau tu.

Halafu huo wimbo uweke hapa tuusikie.

#3 Pweza wa Mingoyo

Mimi ni konda, ruti za Masasi na Mtwara, niongee kidogo kwa kuwa na mimi mnanidharau lakini nimewapa watu nyimbo kuliko redio.

Abiria anakuja mbele ananambia konda huo wimbo uliopita unaitwaje, mi mwenyewe sijui, flashi nimepewa na dereva, dereva kapewa na mke wake mdogo. Namwambia lete simu. Gari ikisimama Mnazi Mmoja ya huku Lindi watu wanashuka kula samaki mi narushia watu nyimbo. Kuna mama alishuka Ndanda akarudi wiki ijayo na kuku, kisa wimbo wa taarabu.

Na mnakumbuka Mei 2024? Kimbunga Hidaya kilivyopita, mvua, barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika upande wa Kilwa, magari yamelala njiani siku na siku. Alafu bado hatujapumua, tarehe 12 kebo za baharini zikakatika intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima. Yani hatuna barabara hatuna mtandao. Hao wote waliokuwa wanajidai sijui plei listi yangu sijui nini, wakaanza kuja na waya, konda naomba flashi. Vijana wa chuo wamekaa stendi Mkanaledi wananiangalia kama mimi ndo mkurugenzi wa kampuni ya simu. Nilicheka sana. Mtandao ulivyorudi hakuna hata mmoja aliyenipungia mkono.

Kuhusu uzuri wa wimbo, kipimo changu ni kimoja. Kilomita ya mia gari zima limechoka, watoto wanalia, ukiuweka watu wakanyamaza huo mzuri. Singeli inafaa saa nne asubuhi, saa tisa mchana ukiweka singeli wanakushusha wewe konda.

#4 Fundi Simu Masasi

Mleta uzi nikueleweshe kwanza kwanini halina jina, maana watu wanalaumu simu bure.

Faili la wimbo linabeba vitu viwili, jina la nje ambalo ndo unaliona, na maelezo ya ndani, jina la msanii, wimbo, mwaka, picha. Prodyuza wa chumbani hajazi hayo ya ndani, anaandika "final mpya 2" anamkabidhi msanii. Msanii anarusha WhatsApp. Sasa ukiituma kama sauti ya kawaida, WhatsApp inafuta jina la nje inaweka lake, AUD, tarehe, na namba. Ukiituma kama dokumenti jina linabaki. Watu hawajui hilo. Kwahiyo yako ilifika kwenye simu yako tarehe 12 Agosti 2017 na siku hiyo ulishapokea mafaili kama thelathini, ulikuwa kwenye magrupu mengi mzee.

Na Shazam sio mganga. Inalinganisha alama za sauti na zile zilizoko kwenye ghala lake, wimbo ambao haujawahi kuingizwa kule hata uuwekee spika ya msikiti hautajulikana.

Nina kibanda, nilianza kuingiza nyimbo 2011, kumi kwa mia tano, ukijaza kadi nzima tunaelewana. Mtu alikuwa haji kuchagua wimbo, anakuja anasema "niwekee za kuendea shamba", au "nina mgeni wa kike jumamosi". Unamuangalia usoni unajua. Nilikuwa na folda "Za wazee", "Singeli", "Kaswida", "Kwaya", "Za mwambao", na moja "Usimpe mtoto". Msimu korosho zikishalipwa ndo kabisa, mtu ametoka benki anapita kununua sabufa halafu anakuja kwangu na flashi mpya bado imo kwenye karatasi, anataka ijae leo leo. Sabufa isiyo na nyimbo ni aibu kwa majirani.

Sasa hivi wamepungua. Tecno, itel, Infinix nyingi zinakuja na Boomplay, programu ya nyimbo, imo tayari, Spotify nayo imefika Tanzania 2021, wengine wanapakua mix za madijei kwenye tovuti ya Mdundo, tangazo kidogo mwanzoni halafu bure. Wanaokuja kwangu ni wazee, bodaboda wenye spika, na watu wa vijiji ambavyo mtandao unapanda ukipanda mwembe. Nakula kwa kubadilisha vioo.

#5 nyuma_ya_maiki

Mnavyosifia memori kadi nawasoma nacheka kwa uchungu.

Mimi ni msanii, Nachingwea. Wimbo wangu wa 2016 ulipigwa kila bodaboda, kila kibanda cha chipsi, kuna siku nimepita kwenye harusi wanaucheza nikasimama nje ya turubai naangalia, mlinzi akanifukuza akanambia kama huna kadi ondoka. Wimbo wangu huo! Senti tano sijapata. Fundi, hizo mia tano ulizokuwa unapokea, hebu niambie ya kwangu iko wapi? Sikuchukii, we ndo ulinifanya nijulikane, lakini tusisemane uongo kwamba kulikuwa na upendo tu pale.

Na wadosi wa Kariakoo enzi za kanda usiniambie, wakubwa zangu waliuza albamu kwa bei ya mara moja halafu kanda zinadurufiwa mpaka Kigoma hawajui zimeuzwa ngapi.

Na huku kwenye mitandao sio kwamba mlango uko wazi. Spotify, Apple huwezi tu ukapeleka wimbo mkononi kama muhogo, lazima upitie kwa msambazaji. Kina DistroKid unalipa kila mwaka, kwa dola, kwa kadi ya benki. Mwaka ambao sikulipa nyimbo zangu zikashushwa. Nyimbo nimeimba mwenyewe zimeondolewa kama vibanda vya machinga. Na neno machinga wengi wanasema limetoka hukuhuku kwetu Lindi, mjue.

Promota nae akikupigia simu hakuulizi umeimba nini, anauliza una watazamaji wangapi. Sasa watazamaji wananunuliwa! Kuna mwenzangu alinunua, wimbo wake una watu laki na kitu na maoni sita, manne ya dada zake. Akaitwa shoo. Mimi mwenye wimbo unaoimbwa na watu wa kweli nina elfu tatu kwa sababu watu wangu wanasikilizia flashi ya konda, flashi haihesabu.

Mnatuambia muangalie Harmonize, katoka Chitohori huko kafika dunia nzima. Sawa, najivunia nae kama kila mtu wa Kusini. Ila alifikaje? Alienda Dar. Tunarudi kwenye wimbo wa mleta uzi, godoro na basi.

#6 Pweza wa Mingoyo

Nyuma ya maiki umenigusa kaka. Kweli flashi haihesabu. Sasa tukulipeje? Mi naweza kukupa nauli ya bure hiyo ndo ninayoweza.

#7 Mama Mwali Newala

Wanangu hamjambo. Mimi sijui hizo Spotify, ila nimesoma nikaona niseme la kwangu.

Nyie wote mnagombania wimbo usambae vipi. Kuna nyimbo thamani yake ni kutosambaa. Mwaka juzi tulimcheza mjukuu wangu unyago, ndani mambo ya ndani yakawa ndani na kungwi wake, nje turubai, dijei, singeli toka jioni mpaka alfajiri, vijana wamefurahi mpaka mmoja kaangusha spika. Hiyo sikatai, sherehe bila kelele majirani wanauliza kama mmefiwa. Lakini kuna binti mmoja mjanja alirekodi nyimbo za ndani kwa simu akaweka stetasi. Jamani! Asubuhi watu wa Tandahimba washazisikia, wanaume washazisikia. Wazee walikaa kikao. Binti analia anasema bibi nilipenda zisipotee.

Na mimi nikashindwa kumpiga, maana kweli waliokuwa wanazijua zile zote tulikuwa watano sasa tumebaki wawili. Tukamwambia afute, akafuta. Ila sijui mpaka leo kama nilifanya vizuri. Kuna mmoja ule wa mwisho kabisa, mwenzangu nae ameanza kusahau, tukiuimba anaruka maneno.

Huo wa jogoo uwekeni niusikie, Kimakonde nitawatafsiria.

#8 kijiwe_cha_ilulu

Maneno meeengi sauti hakuna. Uzi wa muziki bila muziki ni sawa na supu ya pweza bila pweza

#9 Kangomba Mstaafu

Nimepandisha nusu dakika, angalieni hapo chini. Nilitaka niweke wote lakini baada ya kumsoma nyuma ya maiki nimeona haya, mwenyewe hajulikani na mimi naugawa kama peremende.

Mama Mwali shikamoo. Hilo lako limenikalisha. Mi nilidhani wimbo ukikosa mtu wa kukupa umekosa thamani, kumbe kuna wa kwenu ambao ukipewa na asiyestahili ndo umeharibika.

Binti wa Shangani nimekubali la Mbaraka. Nusu.

#10 binti_shangani

Nimesikiliza mara tisa. Sauti ya mafua kweli lakini dah. Pale anaposema mlango umeegeshwa gitaa linanyamaza kidogo kama na lenyewe linasikiliza kama kuna mtu anakuja.

Jamani niuweke TikTok? Naapa kesho kutwa anapatikana, watu wa maoni wanajua kila kitu.

#11 nyuma_ya_maiki

Usiweke. Ukiuweka bila yeye, kesho kuna mjanja anauchukua anausajili kwa msambazaji kwa jina lake, baadae mwenyewe akijitokeza anaambiwa yeye ndo kaiba. Nimeona yakitokea. Mtafuteni kwanza mtu.

#12 Mama Mwali Newala

Nimeusikia. Kimakonde chake ni cha huku juu, sio cha Mtwara mjini. Anasema "mdogo wako nimekuwa mrefu kukuzidi, nguo zako nazivaa mimi, usinune ukizikuta zimechakaa." Nimetoka machozi mzee mzima.

#13 Fundi Simu Masasi

Ngojeni ngojeni. Huyo jogoo namjua!

Sitanii. Kulikuwa na prodyuza hapa Masasi nyuma ya soko la Mkuti, chumba kimoja, ukutani kapigilia trei za mayai na magodoro ili sauti isirudi. Jirani yake anafuga kuku wa kienyeji, kila wimbo uliorekodiwa asubuhi pale una jogoo, tulikuwa tunamtania kwamba jogoo ndo msanii wa lebo. Prodyuza alishahama. Ila namba ya mdogo wake ninayo, nimembadilishia kioo mwezi uliopita na bado ananidai chenji, yani mimi ndo ninayedaiwa. Nampigia.

#14 kijiwe_cha_ilulu

Lebo ya Jogoo Rekodi hahaha. Nasubiri mrejesho

#15 Fundi Simu Masasi

Mrejesho. Nimeongea na mdogo wa prodyuza, kanipeleka kwa mtu, huyo kanipeleka kwa mwingine, vocha imekwisha ya elfu mbili mtanirudishia. Nimempata mwenyewe. Ni bodaboda, sitaji wapi mpaka aniruhusu. Nilipomwambia wimbo wa godoro alinyamaza nikadhani simu imekata.

Anasema aliurekodi mara moja tu, hela ya kurudia hakuwa nayo. Akawarushia watu watatu WhatsApp, simu ikaibiwa, kompyuta ya prodyuza ikafa na kila kitu. Hana nakala. Toka 2017 hajausikia. Anauimba akiwa anaendesha peke yake lakini beti ya pili imemtoka.

Nikamuuliza na kaka je. Kasema alirudi, 2019. Hakuwahi kuusikia huo wimbo, na yeye aliona haya kumwambia.

Mleta uzi anaomba umrushie.

#16 Kangomba Mstaafu

Fundi nirushie namba inbox, na vocha yako nakurudishia sasa hivi.

Watatu aliowatumia mmoja lazima alinitumia mimi au alimtumia aliyenitumia. Nitamuuliza majina, naweza nikajua.

Namtumia mzima, kama dokumenti, ulivyofundisha. Ila nimuulizie kitu kimoja kabla, wimbo unaitwaje? Nataka nibadilishe jina la faili, siwezi kumrudishia mtu wimbo wake ukiwa unaitwa WA0031.

#17 Fundi Simu Masasi

Hapokei. Nadhani ana abiria. Ngoja.